Mshauri wa kanuni mkutanoni: anyamaze, achangie, au atafutwe mtu wa nje?

Jumuiya nyingi za Unguja na Pemba zina mtu huyu, hata kama hazijampa jina. Mkutano ukikwama, mwenyekiti humgeukia yeye: "Maalim, hapa katiba inasemaje?" Anafungua daftari lake, anatafuta kifungu, anasema mawili matatu, na mkutano unaendelea. Hapa nitamwita mshauri wa kanuni. Swali linalozisumbua kamati nyingi ni hili: mtu huyo akiwa pia mwanachama, je, aruhusiwe kutoa hoja, kuchangia na kupiga kura kama wenzake?

Swali hili nililikuta kwa uchungu. Tulikuwa kwenye mkutano wa jumuiya ya wakulima wa mwani, kusini mwa Unguja, siku ya maji mafu, maana bamvua likishika hakuna anayeacha shamba lake pwani akaja kukaa kwenye madawati ya skuli. Hoja ilikuwa kubadilisha kifungu cha mgao wa faida, ili nusu yake iwekwe ya kununulia mashine ya kusagia mwani. Maalim wetu, aliyekuwa amekaa ubavuni mwa mwenyekiti na katiba mkononi, alisimama akaipinga. Alizungumza vizuri, akataja bei ya unga wa mwani, akataja umeme unaokatika, kisha akakaa. Mikono ikahesabiwa: 31 wanaafiki, 22 hawaafiki. Vigelegele vikapigwa. Ndipo Maalim akamnong'oneza mwenyekiti, na mwenyekiti akatangaza kuwa hoja imeanguka, kwa sababu kubadilisha katiba kunataka theluthi mbili ya kura, yaani zisipungue 36.

Alikuwa sahihi. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu, na kifungu hicho kilikuwemo kwenye katiba tangu siku tuliyosajiliwa. Lakini mama mmoja alitoka nje akijifunga kanga yake vizuri na kusema, "Maalim kaikataa mashine mara mbili." Maneno hayo yalikizunguka kijiji kabla ya Magharibi. Maalim hakukaa tena ubavuni mwa mwenyekiti, na sisi tukampoteza mtu pekee aliyekuwa ameisoma katiba yetu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo nalinganisha njia nne ambazo jumuiya inaweza kuzifuata. Zote nimeziona zikitumika, na kila moja ina pahala pake.

Kazi yenyewe ni ipi

Mshauri wa kanuni haamui jambo. Anayeamua ni mwenyekiti. Mshauri hukaa karibu naye, humkumbusha kwa sauti ya chini pale utaratibu unapokiukwa, na huueleza mkutano kanuni pale tu mwenyekiti anapomtaka afanye hivyo. Mjumbe asiyeridhika hakati rufaa dhidi ya mshauri. Hukata rufaa dhidi ya uamuzi wa mwenyekiti, na mkutano ndio unaopiga kura. Ukweli huu husahauliwa sana, na ndio unaofanya watu wamlaumu mshauri kwa maamuzi ambayo si yake.

Kanuni za kina zaidi kuhusu mtu huyu zimo katika kitabu cha Kimarekani kiitwacho Robert's Rules of Order. Aliyekiandika, Henry Martyn Robert, alikuwa mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863 alitakiwa kuongoza mkutano wa kanisani kwake huko New Bedford, Massachusetts, hakujua aanzie wapi, na mkutano ukamshinda. Akaingia kusoma, na mwaka 1876 akachapisha toleo la kwanza. Toleo la 12 lilitoka mwaka 2020. Kitabu hicho hakimfungi mtu yeyote Zanzibar mpaka jumuiya yenyewe ikipitishe. Kinachotangulia ni sheria za nchi, kisha katiba ya jumuiya, kisha kanuni ambazo jumuiya imejiwekea. Lakini waliokiandika wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi, na itakuwa hasara kutosikiliza walichofikia.

Nyumbani pia tuna mfano, na ni mzuri zaidi kwa sababu unaonesha njia mbili chini ya paa moja. Katika Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, Katibu wa Baraza humshauri Spika juu ya kanuni. Si mjumbe, hachangii hoja, hapigi kura. Mwanasheria Mkuu naye ni mjumbe kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya 1984, na husimama akazungumza. Tofauti iko kwa nani anayeshauriwa. Mwanasheria Mkuu ni mshauri wa Serikali, na kila aliyemo ukumbini anajua anasema kwa upande gani. Katibu anakishauri kiti, yaani anayeongoza kikao, na kiti ni cha wote. Mtu akikuuliza kwa nini mwenye ujuzi wa sheria aseme na mwengine anyamaze, mpe jibu hilo.

Vigezo ninavyovitumia

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni imani: je, watakaoshindwa kwenye kura wataamini kuwa kanuni haikupindwa? La pili ni sauti na kura: mwanachama anapoteza nini, na jumuiya inapoteza mchango gani? La tatu ni ujuzi, nao ni wa aina mbili, kuzijua kanuni na kuijua jumuiya yenyewe. La nne ni gharama na upatikanaji, maana ushauri mzuri usiopatikana siku ya mkutano hausaidii.

Kigezo cha kwanza mimi nakipa uzito kuliko vyote, na msomaji ana haki ya kulijua hilo mapema.

Njia ya kwanza: mwanachama anayeshauri na kunyamaza

Hii ndiyo njia ya kitabu cha Robert. Mwanachama akikubali kuwa mshauri, anabeba wajibu wa kutopendelea kama wa mwenyekiti. Hatoi hoja, hachangii mjadala, hapigi kura, isipokuwa ikiwa ni kura ya siri ya karatasi, ambayo huipiga pamoja na wengine. Sababu inaeleweka: karatasi ikishakunjwa na kutumbukizwa, hakuna ajuaye mshauri ameegemea wapi.

Kuna pahala ambapo kanuni humbana mshauri kuliko mwenyekiti. Mwenyekiti ambaye ni mwanachama anaweza kupiga kura pale kura yake inapobadilisha matokeo, kwa mfano kura zinapolingana. Mshauri hafanyi hivyo, hata kama kura yake ingegeuza kila kitu, kwa sababu angeingilia haki ya kiti. Mwenyekiti pia anaweza kumwachia makamu kiti ili achangie hoja moja, kisha arudi hoja ikimalizika. Mshauri hana ruhusa hiyo ya kuvua kofia kwa muda. Mwanzoni niliuona huu ni ukali usio na maana. Baada ya mkasa wa mashine nimeelewa. Ushauri hautolewi kwa hoja moja tu. Alichokisema saa nane kuhusu akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, ndicho kinachoibeba kura ya saa kumi. Akishaonekana ana upande, watu wanarudi nyuma na kutilia shaka kila alichokwisha kukisema.

Imani. Hapa njia hii ina nguvu. Watu wanamfahamu, na wanamuona akikaa kimya hata hoja inapomgusa. Kimya hicho kinaonekana kwa macho, na hakihitaji kuelezwa.

Sauti na kura. Hii ndiyo bei yake, na si ndogo. Mara nyingi anayezijua kanuni ndiye pia mwenye fikra nzuri. Ukimnyamazisha, umejinyima mchango wake. Anabaki mwanachama, na anahesabiwa kwenye akidi kama kawaida, lakini kwa siku hiyo mdomo wake ni wa kanuni tu. Kitabu kinasema kwa uwazi kuwa mtu anayeona hawezi kuziacha haki hizo, basi asiikubali kazi. Nashauri maneno hayo asomewe kila anayeombwa kuwa mshauri, kabla hajajibu.

Ujuzi. Anaijua jumuiya vizuri. Kanuni huenda amejifunza mwenyewe, kwa hiyo apewe muda wa kuisoma katiba na ajenda siku kadhaa kabla.

Gharama. Hakuna, ila ile ya heshima. Jumuiya itoe shukrani yake hadharani, na kazi hii izungushwe mwaka hadi mwaka ili asinyimwe sauti mtu mmoja daima.

Njia ya pili: mwanachama anayeshauri na kushiriki

Jumuiya inaweza kujiwekea kanuni yake kwamba mshauri abaki na haki zote za mwanachama. Hakuna kosa katika hilo. Kanuni ya jumuiya yenyewe inatangulia kitabu. Kosa ni kuacha iwe hivyo bila ya kuandika popote, kama tulivyofanya sisi.

Imani. Waswahili walishasema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata asipoivuta, atadhaniwa anaivuta. Maalim wetu hakuivuta. Ila ipo dawa inayopunguza shaka: ushauri ambao inajulikana mapema kuwa utahitajika, utolewe kabla ya mjadala. Lau mwenyekiti angetangaza mwanzoni kuwa hoja hii inataka theluthi mbili, na kila mtu akasikia, Maalim angeweza kuipinga hoja mpaka jua lizame na hakuna ambaye angesema kaikataa mara mbili. Nililifikiria hili kwa miaka, na bado naliona ndilo somo kubwa la siku ile.

Sauti na kura. Hakuna kinachopotea. Kwa kamati ndogo hii ni faida kubwa. Kitabu cha Robert chenyewe hulegeza kanuni kwa vikao vya watu wasiozidi dazeni moja hivi: mwenyekiti huruhusiwa kuchangia, kutoa hoja na kupiga kura. Ikiwa kiti chenyewe kimelegezewa, sioni sababu ya kumfunga mshauri mdomo kwenye kamati ya watu saba iliyokaa barazani na kahawa.

Ujuzi. Sawa na njia ya kwanza, na pengine zaidi kidogo, kwa sababu wazee wenye ujuzi hukubali kazi hii kwa urahisi wakijua hawatanyamazishwa.

Gharama. Hakuna ya fedha. Gharama nyengine hulipwa baadaye, na hulipwa siku ya kura ngumu.

Njia ya tatu: mtu wa nje

Marekani wapo watu ambao hii ndiyo kazi yao, wamesomea na wanalipwa kwa siku. Kwetu hakuna soko la namna hiyo. Mtu wa nje wa kwetu ni wakili kijana anayejitolea, au mwalimu mstaafu wa skuli ya jirani, au afisa wa ushirika wa wilaya, au katibu wa jumuiya nyengine ambaye na nyinyi mtamsaidia zamu yake. Hii ya mwisho naipenda sana. Jumuiya mbili za vijiji jirani zikibadilishana makatibu siku za mikutano mikuu, zote zinafaidika.

Imani. Hana hisa, hana mgao, hana kura. Kwake swali la kushiriki halipo kabisa, kwa sababu hana haki ya uanachama ya kuiacha. Hata hivyo visiwa vyetu ni vidogo. Ukimleta mtu kutoka Wete kuja kushauri mkutano wa Mkoani, kabla hajanywa maji utasikia kuwa ni shemeji wa mweka hazina. Udugu si dhambi, lakini usemwe. Mwenyekiti amtambulishe kwa jina, aeleze kaja kwa kazi gani, na ataje kama ana uhusiano na yeyote anayegombea au mwenye hoja. Dakika moja ya uwazi mwanzoni ina thamani kubwa.

Hapa niongeze jambo moja. Wapo wanaofikiri sheha anatosha kuwa mtu huyu. Namheshimu sheha, na kumwalika kama mgeni ni adabu. Lakini sheha ni mtumishi wa Serikali katika shehia, na akikaa ubavuni mwa mwenyekiti kufasiri katiba yenu, wanachama watausikia ushauri wake kama amri. Mshauri wa kanuni lazima awe mtu ambaye mwenyekiti anaweza kumwambia, "Nimekusikia, lakini naamua vyengine."

Sauti na kura. Wanachama wote wanabaki na sauti zao. Yeye azungumzie utaratibu tu. Akiombwa maoni kama mashine inunuliwe au la, jibu lake liwe kwamba hilo ni la wenye jumuiya.

Ujuzi. Kanuni huzijua vizuri. Jumuiya haijui. Hajui kwamba "mwanachama hai" kwenu maana yake ni aliyelipa mpaka Juni, wala kwamba kifungu cha 9 mlikirekebisha miaka miwili nyuma na marekebisho yamo kwenye faili la katibu. Mpeni katiba na kumbukumbu za mikutano miwili iliyopita wiki moja kabla. Asipopewa, atashauri kwa kukisia.

Gharama. Nauli, chakula, na bahasha ya shukrani. Akitoka Unguja kwenda Pemba, ongezeni boti na pa kulala. Jumuiya nyingi haziwezi kila mwaka, na hazihitaji kila mwaka.

Njia ya nne: katibu abebe na kazi hii

Hii ndiyo iliyozoeleka, na mara nyingi hakuna aliyeichagua. Katibu ndiye anayetunza katiba, basi yeye ndiye anayeulizwa.

Imani inategemea katibu mwenyewe. Akiwa mtulivu, watu humuamini. Akiwa mgombea siku hiyo, imekwisha. Kwa upande wa sauti, ukatibu peke yake haumzuii mtu: hata kwa kanuni za Robert, katibu ambaye ni mwanachama anaweza kutoa hoja, kuchangia na kupiga kura. Mgogoro huanza pale anapopewa rasmi na kazi ya ushauri, kwa sababu sasa ana wajibu mbili zinazovutana. Ujuzi wake wa makabrasha hauna mshindani. Gharama yake ni mkono. Anaandika, anatafuta kifungu, anamjibu mwenyekiti, na wakati huo huo hoja ya tatu imeshapita bila ya kuandikwa. Mimi nimekaa kwenye kiti hicho na najua kumbukumbu zangu za siku hizo zina mapengo. Mkimpa katibu kazi hii, mteueni mwengine wa kuandika.

Ipi kwa nani

Kamati ya skuli, ya msikiti au ya maji yenye watu wasiozidi kumi na mbili: njia ya pili au ya nne zinatosha, na kanuni nyingi zitawachosha tu.

Jumuiya ya wanachama wengi, kwenye mkutano wa kawaida wa mwaka, ajenda ikiwa ni taarifa, hesabu na mpango wa kazi: njia ya kwanza. Chagueni mtu mwenye subira, na mzungushe zamu.

Mkutano wa uchaguzi wenye makundi mawili yanayotazamana kwa jicho baya, au wa kugawana mali, au wa kumfukuza mwanachama: hapa natamani sana muende kwenye njia ya tatu, hata kama mtachangishana nauli. Kwenye mikutano hiyo watakaoshindwa hutafuta sababu, na mshauri wa ndani huwa sababu ya kwanza kuonekana.

Mkutano wa kubadilisha katiba uko katikati. Kama kura itakuwa ya siri, mshauri mwanachama anayenyamaza hapotezi kura yake, na njia ya kwanza inafaa. Kama ni ya kunyoosha mikono, pimeni ni kiasi gani watu wamegawanyika.

Na kama mtu mwenye ujuzi ndiye pia mwenye hoja kubwa ya siku hiyo, msimlazimishe kuchagua akiwa amesimama mbele ya watu. Muulizeni wiki moja kabla: unataka kusema au unataka kushauri? Akitaka kusema, mwacheni aseme, na mwengine akae na katiba.

Njia yoyote mtakayoishika, iandikeni kabla ya mkutano. Kwa wanaokwenda na njia ya kwanza, haya ndiyo maneno tuliyokuja kuyapitisha sisi: "Mwanachama atakayekubali kuwa mshauri wa kanuni katika mkutano hatatoa hoja, hatachangia mjadala, na hatapiga kura isipokuwa kura ya siri, kuanzia mkutano unapofunguliwa hadi unapofungwa. Ushauri wake utatolewa kwa mwenyekiti, na uamuzi utakuwa wa mwenyekiti. Mwenyekiti atautangazia mkutano idadi ya kura inayohitajika kabla ya mjadala wa kila hoja kuanza." Wanaotaka njia ya pili waiondoe sentensi ya kwanza, waandike badala yake kwamba mshauri anabaki na haki zote za mwanachama. Sentensi ya mwisho isiondolewe na yeyote.